Mkono wa Yafesi

Abubaker aliingia hotelini kwa Kulusum saa ya chakula cha mchana, akavuta kiti, akakaa, akakataa kula. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Kila aliposhuka Kasese kutoka Bwera kwa shughuli za biashara yake, mtu huyu alikula sahani mbili, na ile ya pili aliiita ya kuonja. Siku hiyo aliletewa pilau, akaitazama, akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Mama Rehemah," alisema, "ile ng'ombe ya arusi ya mutoto wangu, nani alichinja?"

Kulusum alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Akamjibu kwamba alichinja Mwalimu Musitafa, kama anavyochinja siku zote, na kwamba Abubaker mwenyewe ndiye aliyetuma lori kwenda kumchukua.

"Asubuhi ile mi sikutoka nje. Nilikuwa na wageni ndani ya nyumba."

"Basi muulize Mwalimu."

"Nimemuuliza. Lakini kwanza niliona picha."

Akaeleza, polepole, ili hata aliyekaa meza ya mwisho asikose neno. Alikwenda Rukoki kununua maharage. Mvua ikamkuta, akajibanza nyumbani kwa Yafesi, yule mchuna ngozi anayefanya kazi na Kulusum. Akakaribishwa kiti, akainua macho ukutani, akamwona Yafesi wa karatasi ameinama juu ya ng'ombe, ameshika kisu, na kisu kiko shingoni. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na pembe moja iliyopinda mpaka karibu na jicho. Abubaker alisema ng'ombe yule alimnunua mwenyewe Bwesumbu, akabishana bei yake siku nzima, na anamjua kuliko anavyowajua wakwe zake.

Madereva waliacha kutafuna. Mmoja alitoa tonge mdomoni kwa adabu, akaliweka ukingoni mwa sahani.

"Alisimama tu kwa ajili ya picha," Kulusum alisema. "Mwalimu alikuwa ameshachinja, ameondoka kwenda kunawa. Mimi ndiye niliyemwambia Yafesi ainame."

"Picha haijui kusema uongo, Mama Rehemah. Mutu ndiyo anajua."

Kisha akatangaza alichokuja kutangaza. Maulidi ya Bwera, ambayo Kulusum alikuwa ameahidiwa kupika, atapika mtu mwingine. Na Muniru, mume wa Kulusum, aliyekuwa akiendesha lori la Abubaker kubeba chumvi ya Katwe, arudishe ufunguo leo leo. Abubaker hakutaka isemwe barabarani kwamba chumvi yake inaendeshwa na mume wa mwanamke anayewalisha Waislamu nyama iliyochinjwa na Mkristo.

Muniru alikuwa meza ya nyuma. Akatoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwa shati, akaja akauweka mezani kando ya ile pilau iliyokataliwa. Halafu akarudi kumalizia chakula chake, kwa sababu kilikuwa kimeshapakuliwa.

*

Desturi ya nchi ile ilikuwa wazi kwa kila mtu. Mwenye karamu, awe Mwislamu au Mkristo, humwita Mwislamu achinje, ili wageni wote wale sahani moja bila manung'uniko. Shingo ikishakatwa, kazi iliyobaki ni ya mwenye kuiweza. Na aliyeiweza kuliko wote kutoka Kasese mpaka mpakani alikuwa Yafesi. Ngozi aliyoichuna haikuwa na tundu, na nyama aliyoikata haikuhitaji kurudiwa.

Kamera nayo ilikuja kwa njia ya halali. Karani Mgoa wa stesheni, ambaye Kulusum alikuwa akimpikia tangu treni ilipofika Kasese, alihamishwa, akamwachia kamera yake ya boksi badala ya kuibeba. Watu walidhani Kulusum angeitia kabatini. Yeye aliona faida yake siku hiyo hiyo. Tangu aanze kupika karamu alikuwa na adui mmoja tu, naye ni mgeni anayekula, anafuta midomo, anakwenda nyumbani na kusema chakula hakikutosha. Mwanamke mmoja aliwahi kuwaambia majirani kwamba hakuiona nyama, na mafuta bado yanang'aa kidevuni. Kwa hiyo, tangu apate kamera, Kulusum kabla ya kupakua alifunua masufuria yote, akayapanga mstari, akayapiga picha. Filamu ilipelekwa Kampala kwa treni kupitia duka la Mhindi, na picha ziliporudi alizitia ndani ya kopo la biskuti. Atakayesema hakukuwa na nyama, aje alitazame kopo.

Jioni ile alilimwaga kopo lote kitandani. Mwaka mzima wa kazi yake ulikuwa pale. Palikuwa na samaki ngege wa Kasenyi waliotandazwa juu ya majani ya migomba, ambao pichani walitokea kama viatu mlangoni mwa msikiti. Palikuwa na matoke ya arusi ya Kikristo ya Bwesumbu, ila hayakuonekana: ulionekana mvuke, na mbele ya mvuke kivuli cha Kulusum mwenyewe, kichwa kikubwa kuliko sufuria. Palikuwa na mbuzi wa akika, na mlima wa wali wa arusi ya karani wa pamba. Alijifunza mambo katika mwaka ule. Alijifunza kwamba jua linatakiwa kuwa mgongoni, kwamba mchuzi haupigwi picha hata ukiwa mtamu namna gani, kwamba nyama pichani hufanana na makaa, na kwamba wali haujawahi kumwangusha mtu.

Alichokuwa akikitafuta hakikuwamo. Mwalimu Musitafa hakupigwa picha hata moja. Yeye aliamini kwamba mwenye kutengeneza sura ya kiumbe ataambiwa siku ya Kiyama aipulizie roho, na Kulusum alikuwa amemjibu kwamba yeye kuzilisha roho zilizopo kunamtosha. Hata hivyo Mwalimu hakulegea. Kamera ikitoka, yeye anageukia ukutani. Katika picha moja tu ya mwaka mzima kilionekana kiwiko cha kanzu, na chenyewe kilikuwa njiani kuondoka.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Bwera alimwita Yafesi. Arusi yote ilikuwa ikimtegemea ng'ombe yule, na Kulusum hakuwa na picha yake. Yafesi alikuwa bado amevaa shati safi, hajaanza kuchuna. Akamwambia ainame. Akamwambia ashike kisu. Yafesi akakishika mbali, kwa haya, na Kulusum akamwambia akisogeze shingoni, aache kusimama kama mgeni. Damu ilikuwa imeshanywewa na majani, na katika karatasi majani yaliyolowa damu hayatofautiani na majani. Ilitoka picha nzuri kuliko zote za mwaka ule. Akaagiza nakala ya pili, akampa Yafesi zawadi.

"Ungempiga amesimama na beseni," alisema Muniru, ambaye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akitazama.

"Beseni halina maana yoyote."

"Ndiyo. Ndiyo nasema."

*

Kesho yake walikwenda kwa Mwalimu. Aliwapokea vizuri, akawawekea mkeka, na kabla hawajafungua midomo akawaambia kwamba Abubaker ameshafika na wazee wenzake wa Bwera, na kwamba amewajibu ukweli.

"Uliwaambia ulichinja wewe?"

"Niliwaambia nilichinja Bwera."

"Basi?"

"Arusi ile ilikuwa na ng'ombe wawili, mwanangu. Mmoja jioni, mmoja asubuhi. Na mimi nilikuwa na homa. Wakaniuliza, huyu wa pembe iliyopinda umemchinja wewe? Nikawaambia, mimi hutazama shingo, sitazami pembe."

Kulusum akasema kwamba wote wawili aliwachinja yeye, na kwamba yeye Kulusum alimwona kila mara akienda kunawa damu. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema naye anaamini hivyo. Lakini wazee walimtaka aape juu ya yule mmoja, na hawezi kumtaja Mungu juu ya pembe asiyoikumbuka. Ng'ombe wa maisha yake ni wengi, na baada ya kitambo wote huwa ng'ombe mmoja.

Waliomshika kamba ng'ombe wa asubuhi walikuwa Yafesi na wachungaji wawili waliomteremsha kutoka Bwesumbu. Wachungaji walikuwa wamerudi mlimani siku ile ile, na hakuna aliyewauliza majina. Neno la Yafesi lisingepokewa, kwa kuwa ndiye mshitakiwa. La Kulusum lisingepokewa, kwa kuwa ndiye aliyemleta mshitakiwa. Mwalimu aliyapanga haya yote bila ubaya, kama mtu anayehesabu shanga za tasbihi, halafu akawauliza kama watakunywa chai.

Walikunywa. Haikuwa na sukari ya kutosha, na Kulusum kwa mara ya kwanza hakusema.

*

Hoteli haikufungwa, na pengine ingekuwa nafuu kama ingefungwa. Madereva Waislamu waliendelea kuja kwa sababu walikuwa wamezoea kiti, lakini sasa waliagiza mayai. Yai halina shingo. Mmoja aliomba chai na mkate, akauliza kwa sauti ndogo kama mkate umeguswa na mtu, na alipoulizwa mtu gani, akasema ameuliza tu. Rehemah, binti yao, alitumwa na sahani ya kuku kwa jirani aliyekuwa mgonjwa. Sahani ikarudi imefunikwa vile vile, pamoja na shukrani nyingi na habari kwamba mgonjwa amepona ghafla.

Muniru alikaa jikoni. Alikuwa dereva mzuri, na alikata vitunguu kama dereva. Wenzake walipopita barabarani walipiga honi kumsalimia, naye alijibu kwa kuinua kisu, mpaka Kulusum alipomwambia kwamba katika hali waliyomo asionekane akiinua kisu mbele ya watu.

Siku ya nne, utingo wa lori la Abubaker alileta ujumbe. Abubaker hapendi ugomvi. Ile picha ya ukutani iletwe Bwera siku ya Ijumaa, ichomwe mbele ya msikiti baada ya sala, watu waone. Ikishachomwa, atasema yamekwisha, Kulusum atapika Maulidi, na Muniru atapanda lori lake.

"Karatasi tu hiyo," alisema Muniru.

Kulusum alikubali kwamba ni karatasi. Akajitanda leso, akapanda baiskeli ya kukodi nyuma ya mwenye baiskeli, akaenda Rukoki.

*

Nyumba ya Yafesi ilikuwa imefagiliwa. Picha ilikuwa pale pale Abubaker alipoiona, ndani ya fremu ya mianzi aliyoitengeneza Yafesi mwenyewe. Chini yake palikuwa na kigoda, ili watoto wapande waione vizuri. Tabisa, mkewe, alikuwa akisonga bundu, ugali wa muhogo. Alimkaribisha mgeni bila kuacha kusonga.

Kulusum hakuzunguka. Alisema jambo lote tangu pilau iliyosukumwa mpaka Ijumaa ya Bwera. Alisema anajua picha ni zawadi, na zawadi hairudishwi, na bado amekuja kuiomba. Alisema atampiga nyingine, nzuri zaidi, amesimama wima na shati lake.

Yafesi alisikiliza akitazama sakafu. Mwishoni akainuka, akapeleka mkono ukutani.

"Mama, mi nilisimama vile uliniambia," alisema. "Sasa mi natoa vile unaniambia."

"Wacha," alisema Tabisa.

Mkono ukabaki kwenye fremu.

"Mi nauliza Mama Rehemah kitu moja," Tabisa akaendelea, mwiko bado ndani ya sufuria. "Nyama yenu nani anachuna?"

"Yafesi."

"Nani anatoa matumbo? Nani anakata, anabeba kwa bega mpaka kwa moto?"

"Yafesi."

"Na mkono iko ile ile?"

"Ni huo huo."

"Basi mkono yake inaingia ndani ya ng'ombe yote, ni safi. Ikifika kwa shingo, kwa picha tu, ndiyo inakuwa chafu. Na ninyi munataka kuichoma mbele ya watu. Watoto yangu bakiuliza baba yao alifanya nini, mi nitasema nini? Aliinama?"

Yafesi akamwambia mkewe kwa Kikonzo jambo fupi, na Tabisa akamjibu kwa Kikonzo jambo refu. Kulusum alikuwa akiifahamu lugha ile vya kutosha kujua kwamba haikufaa atafsiriwe. Alitazama picha. Ilikuwa nzuri kweli. Yafesi wa ukutani alikuwa na mgongo imara na uso wa mtu anayejua kazi yake, na Yafesi wa nyumbani alikuwa amesimama chini yake akisubiri kuambiwa.

Alisimama, akarekebisha leso. Akamwambia Yafesi aondoe mkono kwenye fremu, ataipindisha.

Wakamkaribisha bundu, akala. Hakuna aliyekataa kitu.

*

Ijumaa alikwenda Bwera mikono mitupu, na Muniru nyuma yake. Mwalimu Musitafa alikuwapo pia. Wazee walimwita awe shahidi wa kuchomwa kwa picha. Abubaker aliwapokea barazani kwake, mkabala na msikiti, baada ya sala, mbele ya wazee watatu na jiko la makaa lililokuwa limeshawashwa kwa kazi hiyo.

"Iko wapi?"

"Iko ukutani kwake. Haitoki."

Abubaker alitazama jiko, akatazama wazee. Ilionekana kwamba hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo, na makaa yalikuwa yakiteketea bure.

Kulusum akamwomba ruhusa ya jambo moja. Alikuwa amebeba kamera ndani ya kikapu. Akaitoa, akaiweka magotini. Ng'ambo ya uzio, kwenye kiwanja cha jirani Mkristo, nguruwe alikuwa amefungwa kwenye mti, amelala ubavu kivulini.

"Haji, nakuomba ukasimame pale kando ya yule mnyama. Ushike kisu. Uiname kidogo tu. Nikupige picha."

Mzee mmoja alivuta pumzi. Muniru akafunga macho.

"Wewe mwanamuke iko na wazimu?" alisema Abubaker.

"Hutamgusa."

"Hata kama sigusi."

"Hutamchinja. Hutamla. Utasimama, utaondoka, utanawa."

"Na watu bakiiona ile picha baseme nini?"

"Watasema umechinja nguruwe."

"Lakini mi sikuchinja..." Abubaker akaanza, halafu akaacha. Akachukua kipepeo, akaanza kulipepea jiko, ingawa halikuwa na kazi tena.

Hakuna aliyecheka. Wazee walikuwa watu wa heshima, na mwenyeji wao alikuwa ndiye mwenye gari. Ilikuwa zamu ya mtu kusema neno la kumnusuru, na aliyelisema ni Mwalimu. Alisema kwamba jambo hili limeletwa na yeye, kwa kuwa angekubali kupigwa picha siku ile, leo kungekuwa na ushahidi. Amelitazama tena katika vitabu. Wako wanavyuoni wanaosema kwamba sura isiyo na kichwa si sura. Ni kama mti au jiwe. Kwa hiyo, ng'ombe wa Maulidi atamchinja mbele ya kamera, mchana, ili watu wa Bwera watulie moyo, kwa sharti kwamba kichwa chake kisiingie.

Wazee walilifikiria. Wakaona ni shauri zuri sana. Abubaker naye akaona ni zuri, hasa kwa kuwa halikumhusu yeye na nguruwe.

"Mama Rehemah atapika," alisema, akilitazama jiko. "Na Yafesi achune, mi sina maneno naye."

"Na ufunguo?" aliuliza Muniru. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu wafike.

Ufunguo uliletwa. Ulikuwa umefungwa kamba mpya, kwa kuwa dereva aliyeushika siku zile chache aliipoteza ya zamani, pamoja na taa moja ya mbele.

*

Yafesi hakuja Maulidi. Alituma salamu kwamba mgongo unamuuma. Ulikuwa mgongo uliokuwa ukibeba mapaja ya ng'ombe mwaka mzima bila kulalamika, kwa hiyo Kulusum aliyaelewa maneno hayo kama yalivyotumwa. Akatafutwa mtu mwingine, Mwislamu, kijana wa mpakani mwenye kujiamini. Ngozi ilitoka na matundu kama chekecheke, na nyama ikaja jikoni vipande vya kila ukubwa, vingine vya kumkaba mtu.

Mwalimu alichinja mbele ya umati. Kulusum alisimama jua likiwa mgongoni, akaliinamisha boksi mpaka kofia ya Mwalimu ikatoka, kisha ndevu zikatoka, akabonyeza. Pilau ilikuwa nzuri. Baadaye mgeni mmoja alisikika akisema haikutosha, na kwa mara ya kwanza Kulusum alifurahi kuyasikia maneno hayo.

Filamu ilikwenda Kampala, ikarudi na treni. Abubaker aliichukua picha kwa mikono miwili, akaipeleka msikitini Bwera, ikapita mkono kwa mkono barazani. Ilionyesha ng'ombe aliyelazwa, mikono ya wazee, kisu, na kanzu inayoishia mabegani. Ingeweza kuwa kanzu ya mtu yeyote kutoka pale mpaka Kampala. Kila aliyeishika alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ni Mwalimu huyo," walisema. "Yeye kabisa."

Abubaker mwenyewe alimrudishia Kulusum picha hotelini, akakaa, akala sahani ya kwanza, akaonja ya pili.

*

Siku iliyofuata Kulusum alichinjisha mbuzi, akafunga paja ndani ya majani ya mgomba, akaenda nalo Rukoki. Yafesi alikuwa shambani. Tabisa alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Kulusum akamsalimia, akampa furushi, akasema ni la watoto.

Tabisa hakulipokea mara moja. Alilitazama kama watu walivyoutazama mkono wa mumewe.

"Nani amechinja?"

"Mwalimu Musitafa. Leo asubuhi."

"Iko na picha?"

Kulusum alifikiri ni mzaha, akamtazama usoni, akaona si mzaha. Ya mbuzi hakuwa nayo. Akafungua mkoba, akamtolea ile ya ng'ombe wa Maulidi. Tabisa alifuta vumbi la mtama mikononi kabla ya kuishika, akaisogeza kwenye mwanga.

"Huyu hana kichwa."

"Hana."

"Sasa watu balijua namna gani ni yeye?"

"Walikuwapo. Walimwona."

Tabisa akamrudishia picha.

"Na mi nilikuwapo," alisema. "Ile asubuhi ya arusi. Nilikuwa namenya viazi nyuma ya nyumba, karibu, vile wewe uko na mi. Ng'ombe ilipiga teke, Mwalimu akateleza, kofia yake ikaanguka kwa matope. Akaiokota, akasema bismillahi tena, ndiyo akakata. Ile ya pembe. Nilimwona."

Kulusum alisimama na picha mkononi. Alikumbuka sasa kwamba Tabisa alikuwapo. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa kisu cha kumenyea. Kofia ile angeikumbuka Mwalimu, homa au si homa. Mtu haisahau kofia yake.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuja hapa kuomba karatasi," alisema Tabisa. "Mi hukuniuliza kitu."

Akalichukua furushi, akalipima uzito kwa mkono, akaingia nalo jikoni.